"Mahakama ya Wilaya" Isiyo ya Wilaya: Muundo na Historia ya Mahakama ya Shirikisho ya New York Kusini

Miongoni mwa istilahi ambazo sisi wanafunzi wa Kiswahili huzitumia bila kuzikagua, "Mahakama ya Wilaya" ni mojawapo. Mimi mwenyewe niliitumia katika zoezi la tafsiri lililohusu kesi ya mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Mhadhiri wangu aliipigia mstari mwekundu, kisha akaandika pembeni: "Ni wilaya gani hiyo yenye majaji 28?" Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza mahakama iliyosikiliza kesi hiyo ni chombo cha aina gani, ilitoka wapi, na kwa nini jina lake humtega mfasiri.

Mtego wenyewe uko wazi. Nchini Tanzania, Mahakama ya Wilaya iko juu ya Mahakama ya Mwanzo na chini ya Mahakama Kuu, na anayeketi humo ni hakimu. Hapa Kenya, wilaya zilizipisha kaunti kufuatia Katiba ya 2010, lakini neno lenyewe bado linabeba maana ya ngazi ya chini. Msomaji akielezwa kwamba mtu alihukumiwa na "Mahakama ya Wilaya ya New York Kusini", atadhani ni mahakama ndogo ya mtaani. Kumbe anayeketi pale ni jaji, si hakimu. Huteuliwa na Rais, huidhinishwa na Seneti, na hushikilia wadhifa wake maisha yake yote maadamu mwenendo wake ni mwema. Jaji huyo ana uwezo wa kusimamisha amri ya Rais yuyo huyo aliyemteua. Kwa mizani ya kwetu, chombo hicho kinakaribiana na Mahakama Kuu.

Chanzo chake ni Sheria ya Mahakama iliyotiwa sahihi na Rais George Washington tarehe 24 Septemba 1789. Majimbo yaliyokuwa yameiridhia katiba mpya yalikuwa 11, lakini sheria hiyo iliunda maeneo 13 ya kimahakama, kwa kuwa Massachusetts na Virginia yaligawanywa mara mbili kila moja. New York lilikuwa eneo moja, na jaji wake wa kwanza alikuwa James Duane. Mahakama hiyo ilifanya kikao chake cha kwanza tarehe 3 Novemba 1789, miezi mitatu kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuketi. Ndiyo maana wanasheria wa huko huiita kwa fahari Mahakama Mama.

Mnamo 1814 eneo la New York liligawanywa, likawa Kaskazini na Kusini. Jaji wa kwanza wa upande wa Kusini alikuwa William P. Van Ness, mtu ambaye miaka kumi nyuma alikuwa amemsindikiza Aaron Burr kwenye pambano la bastola lililomuua Alexander Hamilton. (Historia za mahakama nazo zina visa ambavyo mwandishi wa riwaya angeogopa kuvibuni.) Eneo la Mashariki lilimegwa kutoka Kusini mwaka 1865, na la Magharibi kutoka Kaskazini mwaka 1900. Hivi leo Marekani ina maeneo 94 ya namna hii.

Kwa zaidi ya karne moja, mahakama hizi zilishughulika hasa na mambo ya bahari, forodha na makosa madogo, huku kesi nzito zikienda kwa mahakama nyingine zilizoitwa za mzunguko. Mahakama hizo za mzunguko zilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 1912 na kazi zao zikahamishiwa mahakama za maeneo. Jina la unyonge likabaki. Mamlaka yakawa makubwa.

New York Kusini inahudumia Manhattan, Bronx na kaunti sita zilizo kaskazini mwa jiji. Huketi Manhattan, White Plains na Poughkeepsie. Majaji wake 28 husaidiwa na mahakimu ambao majaji hao huwachagua kwa vipindi vya miaka minane. Kesi kubwa ya jinai huanzia kwa juri kuu, yaani raia kati ya 16 na 23 wanaoamua kama kuna sababu ya kumshtaki mtu. Kesi ikisikilizwa, juri ya watu 12 ndiyo huamua kama mshtakiwa ana hatia, nao sharti wakubaliane wote. Rufaa hupelekwa kwa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili.

Kwa sisi wa fasihi, ipo kesi moja ambayo haifai kurukwa. Mwaka 1933 mshtakiwa mbele ya mahakama hii hakuwa mtu bali kitabu: nakala ya riwaya ya *Ulysses* ya James Joyce, iliyokamatwa na maafisa wa forodha kwa madai kwamba ilikuwa chafu. Pande zote mbili zilikubali kwamba jaji aamue bila juri. Jaji John M. Woolsey aliisoma riwaya nzima kabla ya kuamua, akapima athari ya kazi yote badala ya vipande vilivyochomolewa, akairuhusu iingie nchini. Uamuzi wake uliungwa mkono kwenye rufaa mwaka 1934. Ni wahakiki wangapi kati yetu hushutumu riwaya kwa kurasa mbili walizosimuliwa?

Tuirudie sasa kesi iliyonitia mashakani. Mashambulizi ya 1998 yaliua watu 224, wengi wao Wakenya. Yawezaje mahakama ya New York kusikiliza jinai iliyotendeka Nairobi? Sheria ya Marekani huruhusu kosa lililotendwa nje ya nchi kusikilizwa katika eneo ambamo mshtakiwa alifikishwa kwanza. Aidha, juri kuu ya New York Kusini ilikuwa tayari imemfungulia Osama bin Laden mashtaka ya siri mnamo Juni 1998. Wanaume wanne, akiwemo Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, walisomewa uamuzi wa hatia tarehe 29 Mei 2001 mbele ya Jaji Leonard Sand. Siku moja tu kabla ya hapo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imetamka kwamba Mohamed alitolewa Cape Town kinyume cha sheria, kwa kuwa hapakutakwa ahadi kwamba hatanyongwa, ikaagiza hukumu yake ipelekwe New York kwa haraka. Juri haikukubaliana juu ya adhabu ya kifo. Wote wanne walifungwa maisha tarehe 18 Oktoba 2001.

Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alishtakiwa papo hapo mwaka 2010. Katika kesi hiyo baadhi ya mashahidi kutoka Tanzania walisema kwa Kiswahili, maneno yao yakipitia kinywani mwa mkalimani. Juri ilimwondolea mashtaka zaidi ya 280, ikamtia hatiani kwa shtaka moja tu la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali. Shtaka hilo moja lilitosha kumfunga maisha.

Hapa ndipo suala linapotuhusu. Sheria ya Wakalimani wa Mahakama ya 1978 inamhakikishia asiyejua Kiingereza huduma ya mkalimani, lakini mtihani wa shirikisho wa kuwaidhinisha wakalimani haujawahi kutolewa kwa Kiswahili. Isitoshe, kwa kawaida kinachoingia katika kumbukumbu za kesi ni Kiingereza cha mkalimani. Majaji wa rufaa hawakisomi Kiswahili cha shahidi. Husoma tafsiri yake. Mkalimani akikosea kati ya "alinunua" na "alinunuliwa", kosa hilo ndilo ushahidi.

Nilipolirudia zoezi langu niliandika "Mahakama ya Shirikisho ya Kanda ya New York Kusini". Neno kanda linataja eneo bila kumshusha hadhi aketiye humo. Kwa lile jopo la watu 12 nilikuwa nimeandika "wazee wa baraza", nikakumbuka kwamba wazee wa baraza wa mahakama zetu, waliofutwa hapa Kenya mwaka 2007, walimpa jaji maoni tu na hakufungwa nayo, ilhali wale 12 wa Manhattan ndio wenye neno la mwisho kuhusu hatia. Nikaandika "juri". Mhadhiri aliirudisha kazi ikiwa na alama nzuri na mstari mwekundu mmoja, chini ya neno hilo hilo: "Je, bibi wa Tandika angelielewa?" Bado ninalitafutia jibu.