Kijiti cha Miaka Mitano

Kijiti cha uzazi wa mpango, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, hukinga mimba kwa miaka 3 au 5 kutegemea aina. Muhula wa rais wa Tanzania nao ni miaka 5. Binti anaweza kuwekewa kijiti chini ya kauli moja ya serikali, akaja kukitoa chini ya nyingine.

Septemba 2018, huko Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli alisema wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyofadhiliwa na Marekani. Vidonge, sindano na vitanzi viliendelea kutolewa. Kilichonyamazishwa ni maelezo.

Na kwa kijana, maelezo ndiyo mlango wa huduma. Binti wa miaka 20 ambaye hajaolewa huogopa kumkuta shangazi yake kwenye benchi la kliniki. Akikosa wa kumweleza, humsikiliza shoga yake anayeapa kwamba sindano inaleta ugumba, ilhali inachoweza kufanya ni kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Ama hukimbilia P2 duka la dawa, akaifanya dawa ya dharura ya kuzuia mimba kuwa ya kila wiki.

Oktoba 2022, mkoani Geita, Rais Samia Suluhu Hassan akahimiza watu wapunguze kasi ya kuzaa, maana huduma zinaelemewa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 61,741,120. Kisha Januari 2025 Marekani, ileile iliyofadhili matangazo yale, ikasitisha misaada ya nje, na binti anayerudi kwa sindano kila miezi mitatu akapata sababu mpya ya wasiwasi.

Kauli zile mbili zilipingana, lakini zote zilipiga hesabu ya taifa. Hesabu ya binti mwenyewe, masomo yake, afya yake, watoto anaowataka na lini, ina mahali pamoja tu pa kupigwa: chumba cha ushauri. Muuguzi ampe muda, amwambie maudhi ya kila njia bila kuficha, na amhakikishie kwamba siku akitaka kijiti kitolewe, kitatolewa bila kuulizwa ana mume au hana. Ahadi hiyo isingoje hotuba ya mtu yeyote.