Daftari la wabakaji tungemwandika nani?

Kwenye vikao vya kamati yetu ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, hapa kata kwetu Dodoma, hakosekani wa kusema: "Majina ya wabakaji yabandikwe!" Yabandikwe pale ofisi ya mtaa, kwenye ubao wenye matangazo ya chanjo na viwanja. Mfano huwa Marekani, ambako tangu 1996 sheria yenye jina la mtoto Megan Kanka inataka wananchi waelezwe habari za wahalifu hao.

Mimi huuliza: tutamwandika nani? Kwa sheria yetu ya 1998, mtu mzima aliyebaka hafungwi chini ya miaka 30. Kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Akitoka, anatoka na mkongojo. Labda asamehewe. Desemba 9, 2017, hapa hapa Uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli aliwasamehe wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliofungwa maisha mwaka 2004 kwa kubaka wanafunzi. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ikaamua kwamba hawakutendewa haki kikamilifu katika kesi yao. Hao nao tungewaandika?

Ninaowahofia mimi hawajawahi kuvaa sare ya jela. Mama anakuja na binti, tunakwenda dawati la jinsia polisi, fomu ya polisi, PF3, inajazwa, daktari anapima. Wiki mbili baadaye mama hanitazami usoni: "Mwalimu, tumeshayamaliza nyumbani." Mjomba aliyetuhumiwa katoa ng'ombe. Mtoto kapelekwa kwa bibi, Kondoa. Shahidi hayupo, kesi inakufa. Daftari litampata wapi mjomba huyo?

Na akifungwa baba mzazi, je? Ukibandika jina lake umembandika na binti. Kesho yake wenzake watalitaja bombani shuleni.

Daftari la kimya, lisilobandikwa ubaoni, sina ugomvi nalo. Kenya, sheria ya 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu alitunze; Afrika Kusini, sheria yao ya 2007 inamlazimu anayeajiri mtu wa kukaa na watoto aulizie kwanza kwenye daftari. Dereva wa basi la shule, mlezi wa kituo cha yatima, hata sisi walimu, tuchunguzwe tu.

Ila kama fedha zipo, mimi ningeanzia kwenye nauli: ya bibi na mjukuu wake, Kondoa hadi mahakamani mjini na kurudi, kila kesi inapoahirishwa.