Ukimaliza Kusema, Hujamaliza Kurekodi

“Mjomba, wanasema hakuna sauti.” Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyoanza, hata salamu hakutoa. Yupo nyumbani Kaagya, Bukoba, anasoma shahada ya uzamili ya chuo kimoja cha Uingereza kwa njia ya mtandao. Kazi yake ilikuwa slaidi 14 zenye maelezo ya sauti, dakika 12. Alirekodi siku nzima, akapakia, akalala usingizi wa mtu aliyevuna. Asubuhi akakuta mstari mmoja wa mhadhiri. Huyu ni wa tatu katika jumuiya yetu ya Wahaya kupatwa na jambo hilohilo, kwa hiyo waitu, tulizungumze.

Kupanga slaidi kwenye PowerPoint na kubonyeza kitufe cha kurekodi mnajua. Watu wanakwama baada ya hapo. Ukimaliza kusema na kuhifadhi kazi, ulichonacho bado ni faili la slaidi, lile linaloishia na pptx. Sauti imo, ila imegawanywa: kila slaidi imebeba kipande chake, na alama ya spika ndogo pembeni. Mifumo mingi ya vyuo huonyesha faili la namna hiyo kama picha tupu za slaidi. Mhadhiri anaona maandishi yako, anakusubiri useme, husemi. Ili ipatikane video, ingia kwenye menyu ya faili, chagua kuhamisha, kisha kutengeneza video, na usubiri faili jipya linaloishia na mp4. Hilo ndilo la kupeleka.

Nikisema subiri, nina maana subiri. Chini ya dirisha la programu kuna mstari mwembamba unaojaa polepole, na kwenye kompyuta ya zamani unaweza kuinjika ndizi zikaiva kabla haujafika mwisho. Ukifunga programu katikati, umeharibu. Punguza pia ukubwa wa picha: 720p inatosha kabisa. Slaidi za maandishi na majedwali mawili zinataka 4K ya nini, na bando ni lako?

Jambo jingine karibu kila mtu hulijua kwa kuumia. PowerPoint hairekodi sauti wakati slaidi moja inapoipisha nyingine. Nasi Wahaya hatujawahi kulaumiwa kwa uchache wa maneno. Tunabadilisha slaidi huku tunaendelea, na neno la mwisho linamezwa. Maliza sentensi, nyamaza, bonyeza, slaidi ikishatulia ndipo uendelee. Na kabla ya yote rekodi nusu dakika, ujisikilize. Unaweza kuchomeka spika za masikioni zenye kinasa sauti kizuri, kumbe kompyuta inaendelea kukusikiliza kwa maikrofoni yake yenyewe, iliyo karibu na feni.

Mwongozo wa chuo ulikuwa na sentensi moja tu kuhusu haya yote: rekodi mahali tulivu. Aliyeiandika hajalala chini ya bati la Bukoba mwezi wa nne. Mpwa wangu alingoja mvua hadi alfajiri, akaingia katikati ya milango ya kabati la nguo, akajifunika blanketi na kompyuta yake. Slaidi ya 9 akawika jogoo. Akataka kuanza upya zote 14, na hapo nikamzuia: kwa kuwa sauti imekaa slaidi kwa slaidi, unarudia ile ya 9 peke yake, kisha unatengeneza video upya. Hakuna karatasi ya chuo iliyomwambia hivyo.

Wanaotumia Zoom, kumbukeni kwamba akaunti ya bure inakata mkutano dakika ya 40, na ukishafunga mkutano kompyuta bado inageuza rekodi kuwa video. Msiizime. Mkipakia YouTube, akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu haipokei video ya zaidi ya dakika 15. Kiungo cha Google Drive nacho kina ubaya wake: usipobadilisha ruhusa, mhadhiri anakuta ukurasa wa kuomba kibali, nawe umelala. Mpe jirani kiungo akifungue kwenye simu yake. Kikifunguka na sauti ikasikika, peleka.

Halafu saa. Mwisho wa kupokea kazi ukiwa dakika moja kabla ya saa sita usiku ya London, Kaagya ni saa 8:59 usiku wakati wao wa baridi, na tarehe tayari imebadilika. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba ni saa 7:59, maana Waingereza wanasogeza saa zao na sisi hatuzisogezi. Lakini usihesabu dakika hizo kama zako. Kupakia faili kubwa kwa mtandao wa simu usiku wa mvua ni kazi ya jioni iliyotangulia.

Mpwa wangu alikuwa ameandikia dawati la ufundi la chuo siku ileile ya kwanza. Alijibiwa papo hapo na mashine: tutakuhudumia ndani ya siku 3 za kazi. Alikuwa amepewa siku 2 kurekebisha. Video ilifika Alhamisi, sauti safi, jogoo hayumo. Ijumaa dawati likaandika, likimwuliza kama kompyuta yake ina spika.