Amani Haikai Penye Dhuluma

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, watu wengi walidhani kwamba chanzo chake ni risasi iliyomwua mrithi wa ufalme wa Austria mjini Sarajevo. W. E. B. Du Bois, mwanachuoni Mweusi wa Marekani, alitazama mbali zaidi. Mwezi Mei 1915, katika jarida la Atlantic Monthly, alieleza kwamba mizizi ya vita hivyo imo Afrika: mataifa ya Ulaya, yaliyokutana Berlin mwaka 1884 na 1885, yalikuwa yakigombea ngawira ya makoloni.

Neno lake zito liliwahusu wafanyakazi. Alisema kwamba mfanyakazi mweupe naye alialikwa kuonja faida iliyonyonywa kwa watu weusi. Je, aliyeonjeshwa ngawira atapingaje uporaji? Basi Du Bois akataja dawa: Mwafrika apate ardhi yake, elimu na kujitawala, na ubaguzi wa rangi ukomeshwe. Pasipo hayo, mikataba ya amani ni karatasi tupu.

Ukweli huo ulikuwa ukionekana hapa kwetu. Wapagazi wa Afrika Mashariki walitwishwa mizigo ya majeshi ya kigeni, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, Rais Wilson alitangaza kwamba yaenda kuilinda demokrasia duniani. Lakini demokrasia hiyo nyumbani ilikuwa wapi? Julai 28 mwaka huohuo, Weusi wapatao 10,000, Du Bois akiwa miongoni mwao, waliandamana kimya mjini New York kupinga mauaji ya ndugu zao. Mwaka 1918 aliwasihi Weusi waweke kando malalamiko yao mpaka vita viishe, na wenzake wengi wakamlaumu vikali. Mei 1919 alinena waziwazi: askari Weusi waliopigana Ufaransa wamerudi, na sasa watapigania haki kwao.

Du Bois alifariki Accra mwaka 1963, naye ametuachia kipimo cha amani. Ndugu wafanyakazi, tusiulize tu kama bunduki zimenyamaza. Tuulize pia nani anavuja jasho, na nani anakula matunda yake.