Gari limefika nyumbani, kadi bado ina jina la mwingine

Mbinga. Malipo ya kahawa yakishaingia, mazungumzo ya nyumbani katika vilima vya Umatengo hubadilika. Ada za watoto zikitengwa na deni la mbolea likimalizwa, huja swali la gari. Baba anataka la kubebea mizigo. Mama anawaza mtoto anayeshikwa na homa saa nane usiku, wakati bodaboda wote wamelala.

Barabara ya lami kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, yenye urefu wa takriban kilomita 66, imeongeza hamu hiyo. Mfanyabiashara wa dagaa nyasa anapanda nayo kufuata soko, na mgonjwa kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa anapandishwa nayo kwenda hospitali Mbinga au Songea. Gari si anasa tena kwa familia nyingi.

Wengi hawaagizi gari Japan. Wananunua kwa mtu: mwalimu anayehama, mfanyabiashara anayetaka mtaji, jirani anayebadilisha gari. Bei inajadiliwa, pesa inahesabiwa, funguo zinakabidhiwa. Kisha muuzaji anasema neno lililoziponza familia nyingi: “Shemeji, kadi utabadilisha taratibu.”

Taratibu hiyo hugeuka mwaka, miaka miwili, mitano. Gari linalala uani kwa mnunuzi, lakini kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bado ni la mtu mwingine.

Gharama yenyewe ni kiasi gani?

Sababu inayotajwa zaidi ni pesa. Mtu akishatoa mamilioni ya kununulia gari, hataki kusikia habari ya kodi. Lakini hesabu yenyewe si ya kutisha kama inavyodhaniwa.

Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikivitangaza, kuhamisha umiliki wa gari hulipiwa Sh50,000, na pikipiki Sh27,000. Kadi mpya yenye jina la mnunuzi ni Sh10,000. Juu ya hapo upo ushuru wa stempu, asilimia moja ya thamani ya mauzo.

Chukua mfano wa familia iliyonunua Toyota IST kwa Sh8 milioni. Ushuru wa stempu utakuwa Sh80,000. Ukijumlisha Sh50,000 za uhamisho na Sh10,000 za kadi, jumla ni Sh140,000. Hiyo haifiki hata Sh2 kwa kila Sh100 ya bei ya gari.

Malipo yote hupitia namba ya malipo ya Serikali, ile wengi wanayoiita kontroo namba, kwa benki au simu. Anayetaka apewe fedha taslimu mkononi “akusaidie kupitisha” hakusanyi kodi.

Viwango vya kodi huweza kubadilika kila bajeti, na mabadiliko mengi huanza Julai mosi. Kwa hiyo uliza ofisi ya TRA kabla ya kulipa bei ya gari, si baada ya kulipa.

Jambo jingine: ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa Sh40 kwa lita. Muuzaji asikuongezee bei kwa madai kwamba ameilipia mwaka huu.

Ujanja wa kuandika bei ndogo

Ili kupunguza ushuru wa stempu, wapo wanaokubaliana kuandika kwenye mkataba Sh3 milioni wakati wamelipana Sh8 milioni. Wanaokoa Sh50,000.

Ukitokea mgogoro, mfano gari likagundulika kuwa la wizi, mnunuzi anayedai kurudishiwa fedha zake ana karatasi yenye saini yake inayosema alitoa Sh3 milioni. Sh5 milioni zilizobaki atazithibitishaje? Aidha, ofisa wa kodi anaweza kuikataa bei isiyolingana na gari.

Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu nao una kasoro. Sheria inataka ulipiwe ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, na mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe.

Baba akifariki, gari ni la nani?

Hapa ndipo jambo linapogusa familia nzima. Sheria ya usajili wa magari inamchukulia mtu ambaye jina lake lipo kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kazi ya kuthibitisha humwangukia asiye na jina kwenye kadi.

Fikiria nyumba ambayo baba alinunua gari, hakubadilisha kadi, na alikuwa peke yake siku ya makubaliano. Miaka mitatu baadaye anafariki. Mjane anateuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi na anatakiwa kuorodhesha mali. Gari lipo uani na watoto wamelizoea. Lakini kadi ina jina la mtu asiyemfahamu, mkataba hauonekani, na namba ya simu ya muuzaji haipatikani.

Mjane huyo hawezi kuliuza kwa bei yake halali, wala kuliweka dhamana benki apate ada ya watoto. Asipopata mashahidi na karatasi, anaweza kuishia kuliuza kwa bei ya vipuri. Sh140,000 zilizokwepwa zimewagharimu watoto mamilioni.

Upo pia upande wa pili: kununua gari la marehemu. Mjane au mtoto mkubwa akiuza gari lenye jina la baba, undugu pekee haumpi mamlaka. Anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnunuzi aombe kuona barua ya usimamizi na kubaki na nakala. Bila hiyo TRA haitahamisha umiliki, na ndugu wengine wanaweza kulidai gari.

Ajali haisubiri karatasi

Barabara ya kutoka milimani kwenda ziwani ina miteremko na kona kali. Breki zikishindwa na mtu akagongwa, swali la kwanza baada ya matibabu ni nani atalipa. Kama kadi ina jina la muuzaji, naye ataanza kutafutwa. Kwa hiyo muuzaji pia ana sababu ya kuhimiza jina libadilishwe haraka.

Bima nayo ni suala jingine. Bima ndogo, ambayo ni lazima kwa kila gari linalotembea barabarani, hulinda watu wengine wanaoumia au kufa kwa ajali ya gari hilo. Lakini bima ni makubaliano kati ya kampuni na aliyeikata. Gari likiuzwa bila kampuni kujulishwa, inaweza kukataa kulipa kwa hoja kwamba aliyekata bima si mwenye gari tena. Siku unayokabidhiwa funguo, wasiliana na kampuni ya bima ihamishe jina, au kata bima mpya. Uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) kwa namba ya gari.

Kabla ya yote, mlete fundi wako, si wa muuzaji. Akague breki, matairi, usukani na mikanda yote, pamoja na ya viti vya nyuma wanakokaa watoto.

Madeni yanayokuja na gari

Faini za trafiki hufuata namba ya gari. Kosa moja la kuandikiwa barabarani ni Sh30,000. Gari lenye faini nne zisizolipwa limebeba Sh120,000 za mtu mwingine. Angalia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kabla ya kulipa, na kama gari limewahi kuzunguka mijini, angalia pia deni la maegesho la TARURA.

Ukiambiwa “kadi ipo benki,” maana yake huenda gari ni dhamana ya mkopo. Nenda benki pamoja na muuzaji, deni limalizwe hapo hapo na kadi itoke mbele yako. Ukiambiwa kadi imepotea, subiri muuzaji atoe taarifa polisi na kupata nakala mpya kwa jina lake.

Magari ya kuulizia mara mbili

Gari lililoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, kama yalivyo baadhi ya magari ya taasisi za dini, miradi na watumishi wa umma, haliuzwi kama mengine. Likienda kwa mtu asiyestahili msamaha, kodi iliyosamehewa hudaiwa. Uliza swali hilo mapema na upate jibu la TRA lililoandikwa.

Vivyo hivyo kwa gari lenye namba za nchi jirani, jambo ambalo si geni kwenye wilaya zinazopakana na Malawi na Msumbiji. Hilo halimalizwi na Sh50,000. Linapaswa kupita forodha, ambako gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18, na huweza kuongezwa ushuru wa bidhaa kulingana na injini na umri wake. Bei inayoonekana rahisi ufukweni inaweza kupanda sana.

Pia angalia rangi ya namba. Namba nyeupe ni ya gari la biashara, ya njano ni ya binafsi. Ukinunua la biashara kwa matumizi ya nyumbani, usajili wake nao unapaswa kubadilishwa.

Siku ya kununua

Linganisha jina la kadi na kitambulisho cha Taifa cha muuzaji, kisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi. Wote wawili muwe na namba ya mlipakodi, TIN, ambayo kuipata ni bure. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kila upande na shahidi wake. Mwenza wako awepo, na picha ya kila karatasi ibaki kwenye simu yake pia.

Usilipe bei yote siku hiyo. Kubalianeni kwa maandishi kwamba sehemu ya fedha itabaki mpaka umiliki uhamishwe. Muuzaji mwenye nia njema hatakataa, kwa sababu naye anatoka kwenye madeni ya gari ambalo si lake tena.

Kisha nendeni TRA pamoja wiki hiyo hiyo, simu ya muuzaji ikiwa bado inapatikana. Hata kwa hatua zinazofanyika mtandaoni, uthibitisho wake unahitajika.

Familia inayopanga bajeti ya gari la Sh8 milioni itafute gari la Sh7.5 milioni. Nusu milioni inayobaki italipa uhamisho, bima, fundi na mafuta ya safari ya kwanza kwenda Mbamba Bay, watoto wakiwa wamefunga mikanda na kadi ikiwa na jina la mzazi wao.