Askari wa Mwili na Saratani ya Tumbo

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumsikia mtu akisema, "Hiki ni kiungulia tu, kitapita." Anameza dawa ya kiungulia. Miezi inapita. Anakonda. Akila matonge mawili tu anashiba. Mwisho anatapika damu, au anapata choo cheusi kama lami. Huenda ana vidonda vya tumbo. Lakini huenda pia ana saratani ya tumbo, yaani kansa.

Saratani ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo huzaliwa na kufa kwa utaratibu. Chembe za saratani hazifuati utaratibu. Huongezeka ovyo mpaka zinafanya uvimbe.

Mwili wako una askari wake. Hao ni chembe nyeupe za damu. Mbona basi hawaiui saratani? Baadhi ya chembe za saratani zina hila. Huvaa alama iitwayo PD-L1. Askari akikutana na alama hiyo huacha kupigana, kama mlinzi aliyeonyeshwa kibali cha uongo.

Siku hizi zipo dawa zinazovunja hila hiyo. Askari wakaendelea kupigana. Lakini dawa hizo hazimfai kila mgonjwa. Je, zinamfaa nani?

Mwaka 2014 mradi mkubwa wa utafiti wa Marekani ulitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 295 wa saratani ya tumbo. Katika kila wagonjwa 100, kama 9 walikuwa na kirusi cha Epstein-Barr ndani ya uvimbe. Wengi wao walikuwa wanaume. Wengine kama 22 walikuwa na uvimbe ambao chembe zake haziwezi kusahihisha makosa yake. Wengi wa hao walikuwa wazee, na wanawake walizidi wanaume kidogo. Katika aina hizi mbili, askari wa mwili huwa wengi ndani ya uvimbe. Kwa hiyo dawa hizo zina nafasi kubwa zaidi ya kusaidia.

Hata hivyo, daktari hawezi kujua aina ya saratani kwa kutazama umri wako tu, au kwa kuwa wewe ni mwanamume au mwanamke. Lazima apitishe mpira mwembamba wenye taa mpaka tumboni, akate kipande kidogo cha nyama, kikapimwe.

Kuzuia ni bora kuliko kutibu. Chanzo kikubwa cha ugonjwa huu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walimgundua huko Australia mwaka 1982. Bakteria huyo anapimwa, na anauawa kwa dawa. Acha pia tumbaku, na punguza chumvi.

Ndugu msomaji, kiungulia kisichokwisha, kukonda bila sababu na choo cheusi si mambo ya kungojea. Nenda hospitali mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.