Je, Sokwe Aweza Kujifunza Lugha ya Alama?

Sokwe mtu hawezi kutamka maneno kama binadamu, lakini mikono yake ni myepesi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1966, Allen na Beatrix Gardner wa Chuo Kikuu cha Nevada, Marekani, walianza kumfundisha sokwe jike aitwaye Washoe lugha ya alama itumiwayo na viziwi wa nchi ile. Baada ya miaka minne hivi Washoe alitumia alama zipatazo 130. Lakini je, kujua alama ni sawa na kujua lugha?

Mwaka 1973 Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alianza kumlea sokwe dume aliyeitwa Nim, akitumaini kuthibitisha kwamba sokwe aweza kutunga sentensi. Nim alijifunza alama 125, na mwanzoni Terrace aliamini kuwa tumaini lake limetimia. Alipozichunguza filamu za masomo, hata hivyo, aliona kwamba mara nyingi mwalimu ndiye aliyetangulia kufanya alama, naye Nim akaiga. Tena, mtoto wa binadamu, awe asikiaye au kiziwi, hurefusha usemi wake kadiri akuavyo na kuuongezea maana. Nim aliporefusha usemi alirudia tu alama zile zile za kuomba: nipe, chungwa, kula, mimi. Mwaka 1979 Terrace alitangaza matokeo hayo, ingawa yalipinga tumaini lake mwenyewe.

Wako waliompinga, wakisema kwamba Nim alibadilishiwa walimu mara kwa mara mno. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hadi leo hakuna sokwe aliyethibitika kutumia alama kwa sarufi, nayo lugha ya viziwi ina sarufi kamili kama lugha nyingine yoyote.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sokwe hana la kusema. Katika msitu wa Budongo, Uganda, Catherine Hobaiter na Richard Byrne waliwachunguza sokwe wasiofundishwa na mtu, na mwaka 2014 walieleza ishara 66 zenye maana 19. Kwa mfano, mama humwonyesha mtoto wayo wa mguu wake, yaani: panda mgongoni.

Basi sokwe aweza kujifunza alama zetu, bali si lugha yetu. Yafaa sasa sisi tujifunze ishara zake, maadamu misitu anamoishi ingalipo.